Kambale Aliyesema «Niko na Bwoga»

Papa Kambale Siméon Vyambwera, 3 Machi 1933 – 12 Agosti 2025

Padri wetu, waheshimiwa wa mairie, ofisi ya mji, mliofika na bendera, Luteni Omer na askari wako, Mama Eliane mwenye shamba hili, majirani wa Bungulu, na ninyi mliotoka Butembo roho mkononi: asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, nimeombwa nitangaze jambo moja. Luteni anasema tukisikia mlio wa risasi, kila mtu alale chini palepale alipo. Tusikimbilie kwenye kakao, kwa sababu wale watu wenye bunduki hutokea huko. Anasema pia tuwe tumeondoka kabla ya saa sita. Tangazo hili nimeliandika juu kabisa ya karatasi ili lisinipotee.

Mimi ni Kyakimwa Rébecca, binti wa mwisho wa marehemu, muuza vitenge katika soko la Butembo. Ndugu zangu walinichagua nisome kwa sababu, eti, nina mdomo. Leo ningemwazima mtu mwingine mdomo huo.

Wengi wenu hamjafika huku siku nyingi. Nyumba ya mwisho ya Bungulu tumeiacha nyuma, na mmeona kakao ilivyoivia mitini mpaka ikaoza, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuja kuvuna. Tumekuja kwa sababu marehemu aliomba azikwe hapa, katika ardhi isiyo yake, miguuni pa kaburi la Kambale Apollinaire, baba yake Mama Eliane. Nilipompelekea Mama Eliane ombi hilo kwa simu, aliniuliza kwa nini mtu wa Butembo anataka kulala kwenye miguu ya baba yake. Nilimjibu kwamba atasikia tukifika kaburini. Akasema: «Muchimbe. Lakini sanduku hapana shuka mbele miye nisikie. Nikishasikia, nitasema.»

Kwa hiyo kaburi limechimbwa, na sanduku liko juu. Mama Eliane akikataa, tutalirudisha Butembo leo hii hii, kwa barabara tuliyopita jana. Ni haki yake kukataa. Programu mliyo nayo mkononi ilichapwa siku ya Alhamisi, na mambo yaliyomo ni mazuri. Kuna sehemu haikuchapwa. Nitaisoma zamu yake ikifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1933 katika kijiji cha Vuhimba, kwenye milima ya Lubero, ambako baridi ya asubuhi humchelewesha hata jogoo. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Kwa ninyi mliotumwa hapa kutoka mikoa mingine, na ambao bado mnashangaa kwa nini Wanande wote wana majina yaleyale, nieleze kidogo: kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa kwake. Mvulana wa pili ni Kambale, wa nne ni Kakule. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake. Jumanne nilipopiga simu huku Bungulu nikasema «Kambale amekufa» na mtandao ukakatika, nyumba tatu zilianza kulia, na Kambale mmoja mzima kabisa akatoka msalani kuuliza ni nani huyo aliyekufa. Habari yote niliyobeba leo imo ndani ya jina hili, kwa hiyo mlishike vizuri.

Alisoma kwa mapadri kuanzia mwaka 1941 hadi 1947. Alikuwa mtoto mwoga, na hakuficha. Aliogopa mto, aliogopa mbwa wa katekista, aliogopa kengele ya shule ingawa saa ya kupigwa kwake aliijua. Shangazi yake alitusimulia habari ya siku ya Kipaimara. Zamani askofu alikuwa anampiga mtoto kofi dogo la shavuni, liwe ukumbusho kwamba Mkristo atateswa. Kofi lilipomgusa, Siméon aliruka mstari akakimbia mpaka mlangoni, na ikambidi askofu amfuate huko na mafuta yake amalizie sala. Tangu siku ile hadi mwaka huu, marehemu aliketi kanisani karibu na mlango. Watu wa parokia wanajua, ile nafasi walikuwa wanamwachia.

Mwaka 1951 kapita wa kijiji, yule ambaye Wabelgiji walimweka kuwahesabu wenzake, alitoa vijana wapelekwe machimbo ya dhahabu, upande wa Manguredjipa. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Marehemu alikuwa na miaka kumi na minane. Alibeba mchanga, alikula muhogo na chumvi, na aliijua fimbo ya ngozi ya kiboko kwa mgongo wake mwenyewe. Huko huko alipata rafiki, kijana wa hapa Bungulu, mrefu, mcheshi, naye mvulana wa pili kwao. Shimo moja likawa na Kambale Siméon na Kambale Apollinaire. Ili wasiwachanganye, wenzao wakawaita Kambale wa kicheko na Kambale wa bwoga, yaani woga, na hakuna mwenye shida ya kujua nani alikuwa nani.

Mwezi wa Februari 1956 ukuta wa shimo uliporomoka asubuhi ukafunika watu wa zamu ya kwanza. Msimamizi Mzungu akaamuru zamu ya pili ishuke palepale, ikafanye kazi juu ya wenzao ambao walikuwa hawajafukuliwa. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Siméon. Akasema maneno yaliyoko kwenye ukurasa wa mbele wa programu yenu: «Bwana, miye niko na bwoga. Hapana shuka mule.»

Mkaidi, yule Mzungu alijua namna ya kumfanya. Mtu anayekiri mbele ya wote kwamba anaogopa, huyo alimshinda. Aliagiza apigwe. Akapigwa, akainuka, akasema tena vilevile. Aliyekuwa nyuma yake, naye ni Apollinaire, akasema: «Na miye niko na bwoga, Bwana.» Alisema akicheka. Mstari mzima ukasema. Jioni ile wakaondoka wote kwa miguu, wakapanda milimani, na Apollinaire akafuatana na rafiki yake mpaka Vuhimba.

Neno likatembea haraka kuliko wao. Watu wakiitwa kutengeneza barabara, walijibu: tuko na bwoga. Wakiambiwa walime mazao ya lazima, tuko na bwoga. Vijana wakitakiwa machimboni, mama zao walisimama mlangoni na kusema watoto wako na bwoga. Hakuna jiwe lililorushwa. Kwa miezi mingi Wabelgiji katika milima ile walisikia jibu moja tu, na walitambua kwamba linatoka kwa mtu mmoja. Watu walikuja kwa marehemu kuuliza wafanye nini. Kila mara aliwaambia kwanza kwamba yeye mwenyewe anaogopa sana, halafu aliwaambia la kufanya. Hivyo ndivyo alivyokuwa kiongozi, na hilo ni kweli, hakuna atakayemnyang'anya.

Programu inaendelea hivi: «Mwezi wa Julai 1956 askari walifika kumkamata, lakini kwa makosa ya jina wakachukua Kambale mwingine, ambaye alifia kifungoni huko Beni tarehe 9 Januari 1957.» Mama Eliane, sentensi hiyo umeisikia maisha yako yote. Nakuomba uivumilie bado kidogo.

Baada ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, marehemu alitoka mafichoni, alikokuwa tangu Julai ile, na watu wakambeba mabegani. Alirudi kulima viazi na vitunguu, akaviuza Butembo, akaviuza na Beni, baadaye akapanda kahawa. Mara mbili walimwomba agombee uongozi. Alijibu: «Niko na bwoga.» Watu walipiga makofi, wakidhani ni mzaha wa shujaa. Haukuwa mzaha. Sisi watoto tulilala na viatu kando ya kitanda. Wakati wa vita vya mwaka 1996, na vile vilivyofuata, familia yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kufunga mizigo katika mtaa, na majirani walitucheka mpaka siku waliyotukuta mbele njiani. Hatukupoteza mtoto hata mmoja. Papa alipenda kusema: «Kwa mwoga huenda kicheko.» Methali ile ina nusu ya pili, kila mwanafunzi anaijua, lakini Papa hakuimalizia hata siku moja.

Tarehe 26 Agosti 1961 alifunga ndoa na mama yetu Jeannine, ambaye alitutangulia mwaka 2011. Walipendana, walikosana, na nyumba ilijaa watu. Jambo moja lilinishangaza tangu utoto wangu. Mama hakumwita Kambale, wala Siméon, wala Papa fulani. Alimwita Kakule. «Kakule, chakula iko tayari.» «Kakule, uone mutoto wako ule!» Siku moja nilimwuliza inakuwaje Papa ni wa pili kwao na yeye anamwita kwa jina la wa nne. Mama akasema: «Umuulize yeye.» Nikaenda kumwuliza. Papa akainuka akaenda kuangalia mbuzi, na mbuzi wenyewe tulikuwa tumeshawauza. Halafu kuna kaka yangu wa pili, huyu aliyeshika upande wa kichwa wa sanduku. Kwa desturi yeye ni Kambale, na jina la ubatizo Papa alimpa Apollinaire. Sisi tulidhani ni mapenzi kwa mtakatifu.

Mwezi wa Juni mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Tulimlaza hospitalini Butembo, akakataa kitanda cha ndani, akataka cha mlangoni. Ndugu zangu walikwenda kutafuta dawa, nikabaki naye. Akanishika mkono.

«Kyakimwa, mama yako alikuwaka ananiita Kakule. Haujajiulizaka juu ya nini?»

«Nilikuuliza, Papa. Ulikimbilia kwa mbuzi.»

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia, akanieleza. Sasa nimefika kwenye sehemu isiyochapwa. Padri, waheshimiwa, mtanisamehe. Mama Eliane, uniangalie mimi, usiangalie sanduku.

Ile Julai, askari walifika Vuhimba siku ya soko, na watu wote walikuwa wamekusanyika. Marehemu alikuwa amewafundisha watu mbinu. Wakija kumtafuta mtu kwa jina, wenye jina hilo wote watoke pamoja. Wazungu hawaelewi zamu zetu za kuzaliwa, watashindwa kuchagua. Ilikuwa mbinu nzuri, ya mtu aliyekaa akaogopa mpaka akapata akili. Wakapangwa mistari. Askari akapaza sauti: «Kambale ni nani? Atoke mbele!» Akina Kambale wakatoka. Wazee wakatoka na fimbo zao, kijana mmoja akatoka na kuku aliyekuja kumuuza. Apollinaire, mgeni, naye akatoka, kwa sababu lilikuwa jina lake pia. Kambale mmoja tu alibaki mstarini, na ni yule aliyebuni mbinu.

«Bote bakatoka,» Papa aliniambia. «Miye niliambia miguu itoke. Miguu ikakatala.»

Kapita alimjua kila mtu. Aliona Kambale mmoja amebaki nyuma, akainua kidole. Mzungu aliyeongoza askari akageuka kuangalia kidole kinaelekea wapi. Papa alisema alisikia mkojo wake ukishuka mguuni. Ndipo Apollinaire, ambaye hakuna aliyekuwa anamtafuta, ambaye angengoja tu pale na wenzake mpaka kila mtu arudi kwake, akasema kwa sauti yake ileile ya kicheko: «Hapana sumbua ule. Ule ni Kakule, mutoto wa ine. Kambale ya bwoga ni miye.»

Kidole cha kapita kikashuka. Kwa nini kilishuka, hatujui. Labda naye aliogopa. Wakamfunga Apollinaire kamba. Alipopitishwa karibu na rafiki yake hakumtazama, ili asimtie hatarini. Alisema tu, kama mtu anayeagana na jirani njiani: «Kakule, unisalimie batu ya kwetu.»

Salamu hizo hazikufika. Marehemu alikuja Beni kuuza viazi miaka na miaka. Alifika mpaka njia inayoingia Bungulu, akasimama, akarudi. Waliosikia pale sokoni walificha ukweli ili Wazungu wasirudi kumtafuta, wakasema Apollinaire alichukuliwa kwa makosa ya jina, naye aliwaacha waseme hata baada ya Uhuru. Makosa hayana mwenyewe, hakuna wa kuulizwa. Walipombeba mabegani mwaka 1960, alibebwa na siri hiyo tumboni. Alimwambia mama yetu peke yake, kabla ya ndoa, ili ajue anaolewa na nani. Mama aliolewa naye hivyo hivyo, ila tangu siku hiyo alimwita Kakule, ili jina lile lililonunua maisha yao lisije likasahaulika ndani ya nyumba.

Nilipomaliza kulia, nilimwambia Papa: «Tumuite Mama Eliane kwa telefone. Umuambie weye mwenyewe.»

«Hapana.»

«Juu ya nini?»

«Akikatala, nitasikia.» Akafumba macho. «Unizike kwa miguu yake. Useme mbele ya batu bote. Miye siwezi, Kyakimwa. Niko na bwoga.»

Nilimkasirikia. Ninasema hapa mbele ya sanduku lake kwamba nilimkasirikia sana, na nilimlisha uji jioni ile bila kumwongelesha. Alifariki tarehe 12 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, uso ukielekea mlangoni.

Nilipowaeleza ndugu zangu, kaka yetu mkubwa Jonathan aliniuliza: «Utapatisha Papa aibu mbele ya bendera?» Nilimjibu kwamba nikinyamaza, familia itakuwa na Kakule wawili, yeye na mimi. Hakufurahi. Lakini jana alipanda gari pamoja nasi, na leo yuko hapa.

Jana ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Tulitoka Butembo asubuhi, sanduku likiwa ndani ya pick-up, sisi nyuma yake katika gari mbili. Mwanzo tuliimba rozari kwa sauti. Kadiri nyumba zilivyopungua sauti nazo zilipungua, na mahali miti inapokaribia barabara pande zote mbili hakuna aliyekuwa anaimba tena. Hapo akatokea motard, dereva wa pikipiki, kutoka upande wa Beni, mbio, bila abiria, akipunga mkono: «Murudie! Murudie! Kuko masasi!» Hatukuwa na muda wa kugeuza gari. Tukasikia risasi wenyewe. Luteni Omer, aliyekuja kutupokea njiani, alikuwa anapiga kelele: «Mama, lala chini! Noki! Noki!» Yaani, haraka! Nililala mtaroni, uso ndani ya matope, shangazi mmoja juu ya mgongo wangu akisali Kinande na Kifaransa kwa pamoja.

Nilipoinua jicho, nilimwona Papa. Pick-up ilikuwa wazi katikati ya barabara, dereva amekimbia, sanduku limebaki peke yake juani. Mtu aliyekuwa wa kwanza kukimbia maisha yake yote, jana ndiye peke yake asiyekimbia. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mdomo umejaa matope. Halafu hofu ikanishika kweli, hofu ambayo sijawahi kuijua hata katika vita. Nilifikiri nitakufa mtaroni hapa, na Jonathan atakufa, na Mama Eliane atabaki anangoja kwenye shamba lake, na baba yake atakuwa makosa ya jina mpaka mwisho wa dunia. Miguu niliiambia ijikunje nitambae mpaka nyuma ya gari, ikakataa. Nikamwelewa Papa. Hasira yangu haikuisha yote, lakini nilimwelewa, kwa sababu miguu yangu ilikuwa yake.

Risasi zilinyamaza. Askari walikwenda mbele wakarudi, wakasema njia imefunguka, bila kutuambia wameona nini, nasi hatukuuliza. Tulipofika Beni niliomba karatasi na kalamu nikaandika haya, kabla ya kuoga, kabla ya kula, ili yasiwe ndani yangu peke yangu. Hata kama leo tungelala chini kabla sijamaliza, mmoja wenu angeokota karatasi na kuendelea.

Mama Eliane, sasa ninakuambia wewe. Baba yako hakukosewa. Askari hawakumchanganya na mtu. Alijua wanamtafuta nani, alijua jina lile linakwenda wapi, akalichukua akiwa amesimama, akampa mwenzake jina jingine la kuishi nalo. Wewe ulikuwa na miezi miwili. Tangu uanze kusikia maneno ya watu, umeambiwa kwamba baba yako alikufa bure, kama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Ni uongo. Tuliutunza sisi, katika nyumba yetu, tukiwa tunakula viazi na kucheka.

Marehemu ameacha watoto wanne: Mumbere Jonathan, Kambale Apollinaire, Aurélie, na mimi Kyakimwa. Ameacha wajukuu na vitukuu ambao, mnawaona, wamejaza upande wote ule na bado wengine wako Butembo. Kwa mwoga huenda kicheko. Kambale Apollinaire wa kaburi hili aliacha mtoto mmoja, Mama Eliane, ambaye hakumbuki uso wake, na mjane aliyevaa nguo nyeusi mpaka naye akazikwa hapa kando. Na kwa shujaa huenda kilio. Papa, leo nimekumalizia methali yako.

Waheshimiwa wa mairie, bendera mliyoleta ililetwa kwa ajili ya Kambale wa bwoga. Wawili walioitwa hivyo wako hapa, mmoja juu ya ardhi, mmoja chini yake tangu mwaka 1957. Mtaona wenyewe mtaitandika wapi.

Hapa kwenye programu yameandikwa yale maneno ya kumwombea marehemu pumziko. Sitayasoma. Si mimi mwenye kuyatoa leo, wala si Padri. Saa sita inakaribia, wote tunatupa macho kwenye kakao, na hakuna hapa asiye na bwoga. Hata hivyo tutangoja, kwa sababu wewe umengoja zaidi yetu.

Mama Eliane, Kakule amefika na zile salamu za baba yako. Zimechelewa. Ukimwambia karibu, ndipo atakapopumzika kwa amani.

Hodi.